Kiapo cha Mgombea na Tumbo la Mama

Liko shauri linalotembea siku hizi kutoka nchi hadi nchi, na nyanda za juu za Mbulu na mbuga zilizo chini ya mlima Hanang haziko mbali na njia yake. Shauri lenyewe ni fupi. Lasema kwamba mtu mwenye imani, afikapo mbele ya karatasi ya kura, hana haja ya maswali mengi. Na aulize moja tu, yaani mgombea huyu ana rai gani juu ya utoaji mimba. Akiisha kulijua jibu, na atie alama yake aende zake nyumbani. Mengine yote, barabara, maji, dawa, shule, bei ya vitunguu saumu na ngano, ni mambo ya dunia yanayoweza kungoja.

Shauri hili lisidharauliwe. Wako watu wema wanaolishika kwa moyo safi, na Mbulu na Hanang ni ardhi iliyolimwa tayari kwa mbegu yake. Jimbo Katoliki la Mbulu lilisimamishwa mwaka 1953. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi ya wamisionari wa Norwei. Na tangu hapo watu wa huku wamefundishwa, wamebatizwa, wameozwa na kuzikwa mikononi mwa makanisa hayo. Mtu aliyelelewa katika mafundisho kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu kamili hawezi kuambiwa auweke uhai huo katika kitanga kimoja cha mizani, na lami katika kitanga cha pili. Atakasirika, na hasira yake itakuwa na sababu. Wale wanaomjibu kwa kumcheka, wakimwita mshamba au mtumwa wa mapadri, hawajamjibu neno.

Kosa la shauri hili halimo katika imani. Limo katika hesabu. Linadhani kwamba kura ikitolewa kwa ajili ya kiapo, kiapo hicho hurudi na kitu mkononi. Hakirudi na kitu, na sababu yake imo katika sheria yenyewe.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, sura ya 16, yasema wazi. Kifungu cha 150 chamwahidi kifungo cha miaka 14 mtu ye yote atendaye kinyume cha sheria kwa kusudi la kuharibu mimba ya mwanamke. Kifungu cha 151 chamwahidi mwanamke mwenyewe miaka 7. Kifungu cha 152 chamfuata kwa miaka 3 aliyetoa dawa au chombo akijua kazi yake. Mlango mmoja mdogo umeachwa wazi katika kifungu cha 230, nao ni wa mganga apasuaye kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mizizi ya maneno haya imo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Waingereza waliyaleta Tanganyika mwaka 1930, wakati ambapo Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945. Hapana Mwiraqw wala Mbarbaig aliyeulizwa. Waingereza wenyewe waliibadili sheria yao mwaka 1967, na Tanzania ikaendelea kuivaa kanzu ambayo mshonaji wake amekwisha kuivua.

Basi mgombea wa Mbulu Vijijini au wa Hanang anaposimama jukwaani na kuapa kwamba atapinga utoaji mimba, anaapa nini? Anaapa kulinda ukuta ambao hakuna aliyeushambulia. Hapana chama kikubwa cha siasa nchini kilichowaendea wapiga kura na ahadi ya kuvifuta vifungu hivyo. Kiapo cha namna hii hakina gharama. Hakitafutiwi fedha katika bajeti, hakina mkandarasi, hakina tarehe ya kukamilika. Ahadi ya kisima hupimwa kwa kamba na ndoo. Ahadi hii haina kamba wala ndoo, na mwenye kuitoa aweza kulala miaka mitano akaamka na kuitoa tena ikiwa mpya kama jana. Si ajabu kuwa wanasiasa wa nchi nyingi wameipenda.

Iko siku ambayo swali hili lingeweza kuulizwa kwa manufaa. Mwaka 2007 Tanzania iliuridhia mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wanawake, uliopitishwa Maputo mwaka 2003, ambao ibara yake ya 14 yazitaka nchi ziruhusu mimba kutolewa na waganga pale mwanamke alipobakwa, au alipopewa mimba na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya yake ama maisha yake. Kenya na Uganda zilipouridhia mkataba huo mwaka 2010 ziliweka pingamizi kwa maandishi juu ya sehemu hiyo. Tanzania haikuliweka. Hata hivyo sheria ya adhabu haikubadilishwa ifuatane na mkataba, wala mkataba haukukanwa ufuatane na sheria. Nchi ikasema ndiyo mbele ya Afrika na hapana mbele ya hakimu. Hilo ni jambo la kumwuliza mbunge, kwa yule apendaye mkataba na kwa yule auchukiaye pia. Lakini lataka mpiga kura asome, na shauri la swali moja halimtaki asome.

Atakaye kuona kura iliyopigwa kweli juu ya jambo hili na avuke mpaka. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliulizwa kama wanaikubali katiba mpya. Ibara ya 26 ilisema kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Makanisa makubwa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yaliwahimiza waumini waikatae, na Bwana William Ruto, aliyekuwa waziri wakati ule, alisimama upande wao. Jibu la wananchi lilikuwa ndiyo, kwa kadiri ya asilimia 67, katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wakristo.

Haifai kusema kwamba maaskofu wa Kenya walikosa kusema. Neno lililoandikwa lilikuwa mbele ya watu, nao walikuwa na haki ya kulipinga. Hapo swali la mimba lilikuwa mahali pake. Walakini kura ya katiba ni kura ya neno, na kura ya ubunge ni kura ya mtu. Neno hukubaliwa au hukataliwa jinsi lilivyo. Mtu huchaguliwa na tabia zake zote, uvivu wake, wizi wake, ujirani wake na akili yake, na atakaa miaka mitano akiamua mambo mia ambayo hayakutajwa jukwaani. Wapiga kura wa Missouri, huko Marekani, walilijua hilo tarehe 5 Novemba 2024: siku moja, katika vituo vile vile, walimpa Donald Trump jimbo lao, kisha wakaipitisha haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo. Mtu mmoja aweza kuliona hilo kuwa ukaidi. Lakini walipewa maswali mawili wakatoa majibu mawili, na hilo si kosa.

Wala kura ya Kenya haikulimaliza jambo. Miongozo ya waganga iliyotolewa mwaka 2012 iliondolewa na wizara mwaka uliofuata. Msichana mmoja aliyebakwa akiwa na miaka 14 akaenda kwa mtu asiye mganga, akaugua, akafa mwaka 2018. Ndipo Mahakama Kuu mwaka 2019 ikasema kuwa kuondolewa kwa miongozo ile kulikuwa kinyume cha haki. Miaka tisa baada ya watu milioni sita kusema ndiyo.

Watu wa Mbulu, kwa upande wao, hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha kupima mgombea. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika nzima. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Hanang: chama kilimweka Chifu Amri Dodo, na watu wakamchagua Bwana Herman Sarwatt aliyesimama peke yake. Sarwatt alikuwa mwana wa TANU vile vile; watu hawakukikataa chama wala uhuru. Walikataa kuchaguliwa mtu wao na wengine. Miaka 50 baadaye, mwaka 2010, jimbo la Mbulu lilimpeleka bungeni Bwana Mustapha Akunaay wa CHADEMA, na mgombea urais wa chama hicho alikuwa Dakta Wilbrod Slaa, Mwiraqw wa Karatu, aliyewahi kuwa padri. Kama yuko mtu ambaye angeweza kuomba kura za nyanda hizi kwa jina la mafundisho ya Kanisa, ni yeye. Lakini sifa yake mbele ya taifa ilitokana na vita dhidi ya ufisadi: mwaka 2007 alisimama Mwembe Yanga akayataja majina ya wakubwa. Padri wa zamani alijua kwamba kura huombwa kwa mambo ambayo serikali yaweza kuyatenda na kuyaharibu. (Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 chama hicho hakikuwamo katika karatasi ya kura. Mtu aliyekwisha kupunguziwa wagombea si wa kushauriwa ajipunguzie na maswali.)

Lakini tuseme kwamba mpiga kura anasema kweli, na kilichomo moyoni mwake ni mtoto aliye tumboni na mama aliyembeba. Basi na amwangalie mama huyo mahali alipo.

Kwa desturi ya zamani ya Wairaqw, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa hatari kwa nyumba ya wazazi wake na kwa nchi. Aliondoshwa, akazae kwingine. Na nyumba iliyoguswa na kifo, au na mimba iliyoharibika, iliingia metimani: watu wake walijitenga na majirani muda mrefu, wasishirikiane nao chakula wala pombe, mpaka hatari ipite. Desturi hiyo imelegea sana kwa dini, shule na dawa. Hofu yake haikulegea kwa kiasi hicho hicho. Msichana wa Dongobesh au Endasak ajuaye kuwa ana mimba bado huona mlango wa baba yake umefungwa kabla hajaugonga. Na shule nayo ilikuwa na metimani yake: mwaka 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi darasani, na mpaka Novemba 2021, serikali ilipoirudisha ruhusa, msichana aliyetaka kusoma aliwekewa mbele yake njia mbili, kitabu au mtoto. Wako waliochagua kitabu kwa njia ya mizizi na vidonge vya siri. Wale waliolishangilia tamko la mwaka 2017 kwa jina la maadili hawakuuliza ni mimba ngapi tamko hilo litaharibu. Hilo lilikuwa swali la utoaji mimba kuliko kiapo cho chote cha jukwaani, nalo lilipita bila kutambuliwa kwa sababu halikuvaa jina lake.

Na yuko wapi mwanamume? Vifungu vya mwaka 1930 vinamtazama mwanamke, mganga na mwenye dawa. Aliyempa mimba akamkana hatajwi. Tangu mwaka 2016 iko sheria ya kumfunga miaka 30 ampaye mimba mwanafunzi, nayo ni kali sana katika karatasi. Vijijini aghalabu wazee wa pande mbili hukaa wakamalizana kwa ng'ombe, na msichana hasemi kitu mahakamani. Wabarbaig wa Hanang, ambao jirani zao wamezoea kuwaita watu wa nyuma, wana fikira iliyo mbele kuliko hiyo. Wana baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo msomi wa Kimarekani, George Klima, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwanamume aliyemkosea mwanamke, hasa katika mambo ya uzazi, hushitakiwa mbele ya baraza hilo, na faini yake ni dume la ng'ombe. Haifai kulipamba kupita kiasi. Nguvu zake zina mipaka, na mali kubwa imo mikononi mwa wanaume. Lakini hapo kesi ya uzazi huanzia kwa mwanamume. Ni wagombea wangapi wamewahi kuianzia hapo?

Sheria ikiwa kali kama ilivyo, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake. Wengine walioumia hawakufika. Mwanamke atokwaye na damu huko Yaeda Chini, pengine mimba yake imeharibika yenyewe, pengine ameiharibu. Mlangoni pa zahanati damu ni ile ile. Kumtibu kunaruhusiwa nchini, kwa njia yo yote mimba ilivyotoka, lakini yeye hajui. Ajualo ni kwamba kuna kifungo. Hukaa ndani siku mbili. Siku ya tatu hutafutwa pikipiki ya kumpeleka Haydom, na kama ni masika, barabara ni tope.

Mwezi Mei 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Bwana Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge kudai barabara ya lami ya kupitia Mbulu na Haydom. Taifa lilicheka, na kwa hakika si kila siku mbunge huonekana kichwa chini miguu juu. Yamkini wako waliosema kwamba huo si mwenendo wa mtu mzima. Lakini barabara ile ndiyo ile ya pikipiki yenye mwanamke atokwaye na damu. Mtu aliyejifedhehesha kwa ajili yake alifanya kazi kubwa zaidi kwa ajili ya uzazi kuliko mia waliosimama wima wakaapa. Hesabu za taifa zilizotokana na uchunguzi wa 2015 na 2016 zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za 2022 zikaonyesha 104. Katika miaka hiyo miaka ya kifungo katika vifungu vya 150 na 151 haikuongezwa wala kupunguzwa. Kilichoongezwa ni vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya, waganga wa kuvitumia, na magari ya wagonjwa.

Atakuja mwenye kusema kwamba huu ni ujanja wa kulizungusha swali. Kwamba uhai hauna mbadala, na mtu akimchagua mbunge anayeridhia utoaji mimba kwa ajili ya zahanati, ameshiriki damu. Neno hili ni zito, na lapaswa kujibiwa na mtu asiyeweza kushukiwa. Mwaka 2004 Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuwa mlinzi wa mafundisho ya Kanisa Katoliki na ambaye mwaka uliofuata alikuwa Papa Benedikto wa XVI, aliwaandikia maaskofu wa Marekani juu ya jambo hili hili. Alisema kwamba anayemchagua mgombea kwa sababu ya rai yake ya kuruhusu utoaji mimba atenda kosa kubwa. Lakini anayemchagua kwa sababu nyingine, wala haikubali rai hiyo, ushirika wake ni wa mbali, nao waweza kuruhusiwa pakiwapo sababu za uzito unaolingana. Uzito unaolingana! Basi hata huko Roma mizani haikutupwa. Muumini wa Mbulu asiambiwe na mpiga debe kwamba hana ruhusa ya kupima, ilhali mlinzi wa mafundisho mwenyewe alimwachia mizani mkononi.

Tena mstari wa wapiga kura wa Katesh si mstari wa komunyo. Humo husimama Mkatoliki na Mlutheri, Mwislamu ambaye wanazuoni wake wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya siku ya 120 ambayo roho huingia, na mzee wa Kibarbaig amwombaye Aseeta. Na huko Mbulu yuko bibi amwitaye Lo'a, Mungu aliye mama. Kila mmoja ana neno lake juu ya mimba, na maneno hayo hayafanani. Wote wana zahanati moja.

Kwa hiyo mwenye imani na aende katika mkutano wa kampeni na imani yake yote, asiiache nyumbani. Lakini na aulize. Chumba cha upasuaji cha kata hii kitafunguliwa mwezi gani, na mganga wake atalala wapi? Msichana aliyezaa mwaka jana amerudi shuleni, au mwalimu bado anamzungusha? Aliyempa mimba yuko mahakamani, au ng'ombe wake wamekwisha kupelekwa kwa baba wa binti? Dawa ya kuzuia damu imekosekana zahanati siku ngapi tangu masika? Mkataba wa mwaka 2007, wewe mheshimiwa, waukubali au waukataa, nawe umeusoma? Mgombea atakayejibu hayo kwa tarehe na kwa fedha, na kiapo chake juu ya mimba kiandikwe chini ya karatasi, ikiwa nafasi itakuwa imebaki.